Tofali la Kila Mtoto wa Mwabujiku

Jua linachungulia tu, na Martha Mhoja (44) tayari yuko kwenye tope hadi magotini, anakanyaga udongo. Anauchota, anaujaza kwenye kibao cha kufyatulia, anausawazisha kwa kiganja, kisha anakwenda mbio kulipindua tofali mahali pakavu. "Mwangaluka, mayu!" anasalimu mpita njia kwa Kisukuma. Martha anaitikia bila kuinua kichwa.

Hapa ni Mwabujiku, kitongoji cha wakulima wa pamba upande wa Mwamapalala, mkoani Simiyu. Nchi ni tambarare, udongo mweusi, mawe makubwa yamejitokeza hapa na pale. Duka ni moja, la Nuruddin, aliyetoka Bariadi mjini. Kila mji umekaa peke yake katikati ya mashamba, umezungushiwa uzio wa minyaa. Ukipita kwa pikipiki utaapa hapakai watu.

Wapo, tena wengi. Tatizo ni kwamba shule iko ng'ambo ya mto. Mvua zikikolea mto hauvukiki, watoto wanabaki nyumbani wiki nzima. Winnie, kitinda mimba wa Martha, amerudia darasa la pili kwa sababu hiyo.

Mwaka juzi alikuja mtumishi wa elimu, Kristofa, kuulizia watoto ili kitongoji kipewe shule shikizi, tawi la ile ya ng'ambo. Akapita mji kwa mji. Jibu likawa lile lile: wapo, wachache.

"Kwetu mtoto hahesabiwi mbele ya mgeni. Ng'ombe pia," anasema mzee Salu Masunga, shemeji yake Martha. "Nimtajie idadi ili iweje? Wapate mkosi?"

"Shemeji alisema anao wawili!" Martha anacheka. "Wawili! Kwake ugali ukitengwa, mwenyewe anakosa pa kukaa."

"Na wewe ulisema wangapi?" Salu anamrudishia.

"Mmoja," anajibu Martha, na wote wawili wanaangua kicheko.

Wakati ule hakuna aliyecheka. Kitongoji kilionekana hakina watoto wa kutosha, shule ikakosekana. Familia kadhaa zikaanza kusema bora kuhamia Katavi na ng'ombe wao.

Martha, ambaye tangu mumewe afariki anaishi kwa kufyatua matofali, akasimama kwenye mkutano wa kitongoji.

"Nikasema, basi mtoto asihesabiwe. Kila mtoto aje achukue tofali moja kwenye tanuri langu, alipeleke kiwanjani. Mgeni ahesabu matofali."

Wazee wakanong'onezana. Salu ndiye aliyekata shauri. "Nikawaambia, tofali halirogeki. Leteni watoto."

Siku mtumishi alipoitwa tena, watoto walichomoza kwenye minyaa kila upande, wengine tofali kichwani, wengine wamelikumbatia. Kristofa alihesabu hadi akapita mia, akatafuta jiwe akakaa.

"Mama, hawa wote walikuwa wapi?"

"Walikuwepo, baba. Tulikuwa tumewaficha."

Kibali kilitoka. Leo kuta za madarasa mawili zimefika usawa wa lenta, juu ya madirisha, mabati yameshashushwa dukani kwa Nuruddin, na masomo yanatarajiwa kuanza Januari. Waliokuwa wanaitazama Katavi wametulia, wanapalilia pamba.

Matofali anayofyatua Martha asubuhi hii ni ya nyumba ya mwalimu. Anataka iwe na vyumba vitatu na uwanja wa kuchezea.

"Mwalimu akikosa pa kulala atatukimbia," anasema, akijifuta tope. "Nataka aje na mke wake, aje na watoto."

"Aje nao wote," anadakia Salu, akimsogezea ndoo ya maji. "Hatutamuuliza ni wangapi."