Kurasa Ambazo Kaka Yake Hakuzifungua

Kaka yake alipoiweka Biblia mezani, kati ya kopo la gundi na kikombe cha sindano, Mama Gundi hakumtazama usoni. Alitazama mgongo wa kitabu, uliokuwa umepasuka kama kisigino cha kiangazi.

"Niokoe, dada. Jumamosi naanza kufundisha somo la kanisani, na kila nikisimama kurasa zinadondoka."

"Iache hapo."

"Usinipotezee hata ukurasa mmoja."

"Mimi nimekupotezea nini lini?"

Kaka alicheka, akaenda zake. Watu walimwita Bwana Mstari, kwa sababu kwa kila balaa chini ya jua alikuwa na mstari wake mmoja. Umeumwa jino, mstari. Umefukuzwa kazi, mstari. Na miaka kumi na moja iliyopita, Mama Gundi alipomzika binti yake wa pekee, mtoto wa miaka sita aliyechukuliwa na homa ya uti wa mgongo kwa siku tatu, Bwana Mstari alisimama kando ya kaburi, akafungua Ayubu sura ya nne, akasoma kwamba hakuna asiye na hatia aliyewahi kuangamia. Akafunga kitabu. Kisha akaongeza la kwake: "Dada yangu anajua alichokificha."

Waombolezaji wakasahau, lakini mama mzazi wa Mama Gundi na kaka yake hakusahau. Alikuwa akiishi na Mama Gundi nyuma ya karakana ya vitabu, na kila jioni baada ya sala aliuliza kwa upole uleule, "Mwanangu, bado hujawa tayari kutubu?" Upole ule ndio uliomchoma. Angetubu nini? Matusi ya mama angeyavumilia, lakini huruma ya mama anayeamini kuwa una dhambi haivumiliki.

Basi akaketi, akaanza kukifumua kitabu. Kitabu hakimfichi kitu fundi wake. Huonyesha mahali mwenyewe alipomwaga chai, alipolala usingizi, alipopapenda. Sura ya nne ya Ayubu ilikuwa nyeusi kwa alama za dole gumba, na ule mstari ulikuwa umepigiwa wino mwekundu. Lakini baada ya hapo, kingo za kurasa zilizopakwa rangi ya dhahabu zilikuwa zimegandana kama zilivyotoka kiwandani. Ilimbidi apenyeze kisu taratibu, ukurasa kwa ukurasa, mpaka mwisho wa Ayubu. Hakuna aliyewahi kupita njia ile.

Yeye mwenyewe hakuwa amekigusa kitabu cha Ayubu tangu mazishi. Sasa alisoma, kisu mkononi. Akaona anayesema katika sura ya nne si Mungu. Ni rafiki yake Ayubu, mtu aliyekuja kutoa pole, akamkuta mwenzake kaketi majivuni, akaanza kumtafutia kosa. Na katika sura ya mwisho Mungu anawakasirikia marafiki wale, anasema hawakunena yaliyo sawa.

"Miaka kumi na moja," aliliambia kopo la gundi. "Miaka kumi na moja napigwa kwa fimbo ambayo Mungu mwenyewe aliivunja."

Siku hiyo alitamani kuuchana ukurasa na kumlisha kaka yake. Alikutana pia na zaburi moja inayoomba meno ya adui yavunjwe, akaipenda kuliko inavyofaa. Lakini alishona. Hakuwa amewahi kushona kitabu vizuri namna ile: uzi maradufu, mgongo imara. Kisha kila asubuhi alikifungua kwenye sura ya mwisho ya Ayubu na kukikandamiza, mpaka kikajifunza kufunguka hapo chenyewe.

Jumamosi mama yao aliketi mstari wa mbele. Bwana Mstari aliweka Biblia mezani, ikafunguka mwisho wa Ayubu. Akarudisha kurasa, ikafunguka palepale. Mama Gundi akanyoosha mkono. Kanisa lile lilikuwa na desturi yake: mwalimu akiulizwa kuhusu andiko, hajibu kabla ya kulisoma yeye mwenyewe kwa sauti.

"Mwalimu, Ayubu sura ya nne, ule mstari wako. Nani anasema?"

"Ni neno la Mungu, dada."

"Sijauliza neno la nani. Nimeuliza nani anasema."

Mtu akaguna. Bwana Mstari akasoma, akatafuta mwanzo wa sura. "Elifazi. Rafiki wa Ayubu."

"Haya. Sura ya mwisho, mstari wa saba."

Akasoma, sauti ikishuka kama redio inayoishiwa betri.

"Paza, mwalimu. Wa nyuma nao wana masikio."

"Kumbe lile la makaburini..." alianza mwanamke mmoja nyuma, akajiziba mdomo.

Bwana Mstari hakuwa mjinga. Bila kuombwa alisoma nusu ya mwisho ya mstari uliofuata, na nuru ikamrudia usoni. "Umesikia, dada? Ayubu aliambiwa awaombee! Aliyekosewa ndiye anaomba!"

"Amina," wakasema wawili watatu. Mama yao akageuka kumtazama binti yake.

Masikio ya Mama Gundi yaliwaka moto. Mstari ule alikuwa ameusoma mara tatu pale karakana, na kila mara alitamani ungekuwa umeliwa na panya. Alikuwa amepanga kuishia wa saba. Yaani naye alitaka kufunga kitabu pale panapomfaa, sawa na kaka yake. Hilo lilimuudhi zaidi.

"Umeruka," alisema. "Rudi. Kabla Ayubu hajaomba, wale marafiki waliambiwa wafanye nini?"

"Wachukue ng'ombe dume saba, na kondoo dume saba..."

"Halafu?"

"Waende kwa Ayubu."

"Waende. Kwa miguu yao. Ng'ombe baki nao."

Kanisa likaangua kicheko, na mchungaji naye akakohoa kuficha chake.

Jumatatu saa sita mchana Bwana Mstari alifika karakana mikono mitupu. Mama yao alikuwa kwenye kiti mlangoni.

"Mama, nilikosea," alisema chinichini. "Mtoto aliumwa tu. Dada hakuficha kitu."

Mama alitega sikio. Uzee ulikuwa umeshayachosha masikio yake. "Anasemaje?"

"Hajasikia," alisema Mama Gundi, akichovya brashi. "Rudia."

Akarudia.

"Nani kakosea?"

"Mimi, mama!"

Fundi cherehani wa jirani akasimamisha mashine yake.

"Bado," alisema Mama Gundi.

Mara ya tatu alipiga kelele, mpaka watu ng'ambo ya barabara wakasimama. Mama alifumba macho. Kisha akautafuta mkono wa binti yake, akaushika hivyohivyo na gundi yake, asiuachie. Jioni ile baada ya sala hakuuliza kitu.

Kuhusu kumwombea kaka yake, Mama Gundi alimwombea, maana ndivyo ilivyoandikwa. Alisubiri mpaka Alhamisi, akaomba kwa kifupi sana.