Ncha ya Pili ya Leso

Saa kumi jioni, Ersilia Bonfanti anamwagilia maji uwanja wa kupuria ngano wa kijiji cha Collerame, ingawa ngano haijapurwa hapa tangu mwaka 1971. Ana miaka 68. Tangu alfajiri alikuwa kwenye tanuri lake la mikate, na unga bado umemganda kwenye nyusi.

"Udongo mkavu ngoma hainogi," anasema. "Wazee wetu walikuwa wakicheza ili kushindilia sakafu hii kabla ya mavuno. Kodiani ilikuwa ya kuwasahaulisha uchovu tu."

Ndiyo maana hapa mguu wa kushoto hupigwa kwa kisigino. Vijana waliojifunzia mjini huruka kwa ncha za vidole, na Ersilia huwarudisha mwanzo bila huruma.

Kila jozi hushika leso moja nyekundu, mwanamume ncha hii, mwanamke ncha ile, na kila jozi ina kipande chake cha uwanja cha kukanyaga. Jozi ni nane. Lakini miaka mitatu sasa Ersilia anacheza peke yake, ncha ya pili ameichomeka mkandani. Ilikuwa ya mumewe, Gaudenzio, ambaye sasa ni marehemu. Upande aliokuwa akikanyaga, majani yameota.

Mwaka huu kikundi kimeamua: jozi ya nane isipotimia kabla ya sikukuu ya mavuno, Julai, uwanja utaachwa na ngoma ihamie jukwaani mjini, mbele ya watalii, ambako jozi nne zinatosha. Otello, muuza nyama, ameiomba ile ncha kila mwaka. Kila mwaka amenyimwa.

"Shemeji, mpe leso," anasema Nazzareno, mdogo wa marehemu, huku akifunga mikanda ya kodiani yake. "Kaka hatarudi kuidai."

"Nimpe huyu? Anakanyaga kama anaua mende."

"Si wewe unayetuambia tukanyage?" anauliza Otello.

Ersilia anacheka mpaka anashika kiuno. Kisha anakaa kwenye ukingo wa mawe, na kicheko kinamwisha.

"Tulikuwa watu mia tisa kijijini. Leo tuko mia na kumi na mbili. Gaudenzio aliponishikia leso hii mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na saba, na mikono yake ilinuka jibini la kondoo. Nilikasirika kweli. Tangu afe sikuwa nimeifua, nikitafuta harufu ileile."

Anaitoa mfukoni. Imepigwa pasi.

"Niliifua jana," anasema, akimnyooshea Otello ncha ya pili.

Otello anapangusa mikono kwenye suruali, mara mbili, ndipo anaipokea ncha. Halafu anainama kung'oa majani ya upande wa Gaudenzio.

"Acha," Ersilia anamwambia. "Hayo utayamaliza kwa kisigino. Mpaka Julai."