Siku Picha ya Kanisani Ilipolia

Kwanza nikiri kwamba aibu hii niliitengeneza kwa mikono yangu miwili, na harufu yake ilikaa viganjani wiki nzima. Chekeni tu, watu wa Karatu walinicheka mpaka ikabidi mimi ndiye nihame.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, ile miaka ya neema tulipokuwa tunapanga foleni tangu alfajiri kungojea sabuni ambayo haikufika. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kazi sina, na kila gari la watalii lililopita kwenda kreta kuona wanyama nililitazama mpaka vumbi lake litulie. Ndipo akaja Daktari Renzo, Mtaliano mrefu, na Landrova, na jenereta, na masanduku manane ya mashine. Alikuwa anatafuta picha ya mchoraji mkubwa wa kwao wa zama za Renesansi, miaka kama mia tano iliyopita, ambayo ilipotea, na yeye alikuwa na hakika kwamba mtu aliificha kwa kuchora picha nyingine juu yake, kisha wamisionari wakaibeba bila kujua. Sasa imejificha wapi? Roma? Wapi! Karatu, juu ya altare yetu, ndani ya picha ya Bikira Maria iliyokuwa imepigwa moshi wa mishumaa mpaka tukawa tunasali kwa kukisia.

"Mashine hii inaona miali ambayo jicho halioni," aliniambia kwa Kiingereza. "Inapenya rangi ya juu na kuonyesha michoro ya mkaa iliyo chini."

Nikawatafsiria wazee wa kanisa: "Anasema inaona yaliyofichwa." Wazee wawili wakakumbuka kwamba wana shughuli shambani.

Ahadi yake ilikuwa hii: kazi ikienda vizuri, angenichukua niwe mkalimani wake misheni zote mpaka pwani, kisha tupande meli mpaka Italia. Sharti ni moja tu, picha isiguswe. Nikafunga begi siku hiyohiyo nikaliweka nyuma ya Landrova, asije akasahau.

Asubuhi ya kazi nikawahi kufagia kanisa, nikamtazama Mama Maria usoni. Jamani, alikuwa amepauka! Na kwetu mgeni akija kila mtu anapakwa mafuta mpaka magotini, maana ngozi iliyopauka ni aibu ya nyumba nzima, na siku hiyo alikuwa anakuja mpaka katibu tarafa. Mafuta ya dukani hayakuwepo (nimeshawaeleza ile neema). Lakini nyumbani kulikuwa na kibuyu cha mafuta ya mkia wa kondoo, mama amemwekea dada yangu aliyejifungua, anywe apate nguvu. Nikachota kidogo. Hicho kidogo kikawa viganja viwili, maana uso ule ulikuwa unakunywa. Ulipong'ara nikasimama pale chini nikajisifu, nikaona hata Daktari atashukuru.

Saa nne kanisa likajaa. Hata Mzee Koinet, Mmasai mfanyabiashara wa mifugo kutoka Loliondo aliyekuja mnadani, aliingia na rungu lake kuona mashine. Daktari akawasha jenereta, kisha taa mbili kubwa zikaelekezwa kwenye picha (hakuna aliyeniambia kwamba sayansi yao inahitaji joto la kuokea mikate), akainama kwenye kioo chake.

Tone likatoka jichoni mwa picha, likateremka shavuni. Likafuata la pili.

"Analia!" akapiga kelele mama mmoja wa kwaya. "Mama yetu analia!"

Vigelegele! Watu wakapiga magoti, kengele ikagongwa, soko zima likahamia kanisani, katibu tarafa akavua kofia.

"Wanasemaje?" Daktari akaniuliza.

"Wamependa mashine," nikamjibu.

Ningepona, ila taa zilizidi kuchemka, na kanisa likaanza kunukia nyama choma, tena Ijumaa ya Kwaresima. Mzee Koinet akasogea taratibu, akagusa tone kwa kidole, akanusa, akalamba.

"Huyu halii," akasema. "Huyu ni kondoo. Wa mkia mnene."

Kisha kutoka viti vya nyuma ikaja sauti ya mama yangu.

"Petro! Kibuyu changu! Mafuta ya mzazi unaipaka picha, dada yako anywe nini?"

"Petro, uliigusa?" Padri akaniuliza.

"Kidogo tu, Padri. Alikuwa amepauka."

Wa kwanza kucheka alikuwa katibu tarafa, na wengine hawakusubiri ruhusa.

Daktari alikuwa anafuta mafuta kwa pamba, na moshi wa miaka yote ukawa unatoka nayo. Pembeni, chini kabisa, yakajitokeza maandishi madogo kwa lugha ya kwao: jina la kiwanda cha uchapaji. Haikuwa imechorwa, ilikuwa karatasi ya kiwandani iliyobandikwa kwenye turubai. Kibuyu cha mama kilikuwa kimegundua kile ambacho masanduku manane hayakukiona! Nikangoja asante. Daktari akalishusha begi langu kwenye Landrova, akaliweka kwenye ngazi za kanisa polepole kama anayemlaza mgonjwa, akaondoka.

Mama naye aliniambia nisirudi nyumbani bila kondoo. Nikabeba begi langu la Italia, nikamfuata Mzee Koinet mpaka Loliondo, na njia nzima alikuwa ananiuliza kama Ulaya ni mbali zaidi ya hapo. Wakati wa kurudi na kondoo wa mama, lori letu liliharibika ukingoni mwa kreta, nikamshusha kondoo ale majani. Gari la watalii likasimama, wakatupiga picha, wakaenda zao.

Tangu hapo nimetangatanga nchi nyingi, Italia sijafika, na nimeapa kwamba uso uliopauka, hata uwe wa mwanangu, namwachia mama yake. Ila kama kuna mtaalamu mwenye mashine ya kutafuta picha zilizopotea, basi anitafutie ile moja: kijana wa Karatu, begi la Ulaya begani, ameshika kamba ya kondoo aliyenona kuliko yeye.