Kaka Ameniletea Sale Bila Kusema Alichonifanyia Porini

Admin, nakuomba jina langu lisionekane, maana ukoo wetu unasoma huu ukurasa kuanzia wajukuu mpaka wakwe. Mimi ni mwanaume wa miaka sabini na mitatu, naishi Rau hapa Moshi na mke wangu, watoto wameshajitegemea. Nina uchungu wa karibu miaka hamsini na kaka yangu mkubwa, na wiki tatu zilizopita ameuamsha upya.

Miaka ya sabini, enzi za vijiji vya ujamaa, kaka alikuwa kiongozi wa safari za wageni, akanivuta nikawa mpishi wa kambi. Tajiri wetu akapata wageni watatu waliochoka na mbuga ambazo kila mtu anakwenda. Walitaka pori lisilo na watu. Tukawapeleka mbali kusini mwa Mpanda, siku sita barabarani na Landrover mbili, moja akiendesha kaka na nyingine dereva. Niwe mkweli, palikuwa pazuri. Ulikuwa mwisho wa kiangazi, viboko wamebanana kwenye dimbwi moja la tope wakigombana, nyati hawahesabiki, mbung'o wanakuuma juu ya shati. Siku nane hatukuona gari jingine wala moshi wa jiko la mtu. Nilioka mkate ndani ya sufuria kwa kuweka mkaa juu ya kifuniko, wageni wakanisifu, nikajiona nimefika.

Siku ya tisa Landrover moja ikavunjika ekseli. Kaka akapanga kuwarudisha wageni kwa ile nzima, na dereva aende naye kutafuta ekseli.

"Wewe baki na gari, mdogo wangu, watu wasije wakang'oa vipuri," akaniambia. "Siku nne nimerudi."

Watu gani, na pori lile halina mtu? Nikamuuliza kwa nini tusiondoke wote, akasema nafasi hakuna. Nikatazama juu ya ile Landrover nzima. Lilikuwa limefungwa bafu la wageni la turubai, lile nililokuwa nikilijazia maji ya moto kila jioni. Bafu lilipata nafasi, mimi sikupata. Lakini yeye ni kaka yangu mkubwa, na kwetu Uchagani mkubwa akishasema hubishi, nikabaki.

Siku nne zikapita, zikawa kumi. Unga ulikwisha siku ya kumi na moja. Nilichemsha maji ya lile dimbwi la viboko nikanywa, nikala jamu ya wageni kwa kidole mpaka kopo likawa safi. Nililia, sioni aibu kusema. Siku ya kumi na saba warina asali walinikuta nimelala chini ya gari nina homa, wakanibeba hadi kijijini kwao. Huko viongozi wakataka barua ya balozi wangu wa nyumba kumi, sina, wakanidhania jangili. Kwa ugonjwa na maswali nilifika nyumbani baada ya miezi mitatu.

Nikakuta mama yetu ameshazikwa, mwezi mmoja tu kabla. Shangazi hakuitikia shikamoo yangu. Ndipo nikajua kaka aliwaambia nini: kwamba nimechoka na migomba na kahawa, nimepata mwanamke Mpanda, nimesema nisitafutwe. Mama alikufa akiamini hivyo. Siku zake za mwisho alikuwa akiuliza kama nimeandika hata barua.

Nilimfuata kaka Himo alikokuwa akikaa, tukawa wawili tu. Akatazama chini.

"Tajiri alisema gari lisubiri mvua ziishe, na nilishamwambia watu wote wamerudi, niliogopa kazi. Petroli ya kurudi kwa siri sikuipata. Mama ningemwambia nini, kwamba nimekuacha kwa simba?"

Nikamwambia akayaseme hayo mbele ya ukoo. Akasema atasema. Hajasema mpaka leo. Nilipoyasema mwenyewe niliitwa mwongo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akisomesha watoto wa ukoo, na baadaye akawa mzee wa kanisa. Nikaacha kihamba cha baba, lile shamba la urithi la migomba, nikashuka kuishi Rau. Hata binti yangu wa kumzaa aliwahi kuniuliza kwa nini nilimtelekeza bibi yake.

Sasa wiki tatu zilizopita binti mkubwa wa kaka alikuja kwangu ameshika sale, majani yamefungwa fundo. Asiye wa kwetu aelewe: sale ni ule mmea tunaopanda mipakani na makaburini, na mtu akikuletea anakuomba msamaha. Ukipokea, yamekwisha, huruhusiwi kuyataja tena. Ukikataa, mkosaji unakuwa wewe.

"Baba mdogo, baba hatoki tena kitandani," akasema. "Ameomba upokee."

Nikamuuliza baba yako anaomba msamaha wa nini. Akasema hakuambiwa, anadhani ni mambo ya mpaka wa shamba.

Mpaka wa shamba! Sikupokea, sikukataa, nilimwambia aliweke mezani aende. Mke wangu anasema nisamehe, sote tumezeeka. Mimi sitaki shamba lake wala chochote chake. Nataka aseme kwa kinywa chake, mbele ya watoto wake na wangu, kwamba sikumwacha mama. Nikipokea, nimejifunga mdomo mwenyewe na uongo wake unabaki kuwa kweli. Nikikataa akafa, nitaitwa mtu aliyemtupa mama yake na kumkatalia ndugu yake sale.

Lile sale mke wangu alilitia kwenye chupa ya maji dirishani lisinyauke. Jana wamepiga simu kwamba kaka ameacha kula. Leo asubuhi nimeiinua ile chupa nikatazama, sale limeshaanza kutoa mizizi. Ndugu zangu mnaosoma, nishaurini: nilipande, au nimrudishie?