Kicheko Chini ya Dashibodi

Alikuwepo fundi mmoja wa injini ambaye mtaa mzima ulimwita Nati, kwa jinsi alivyokaza mambo. Alikaza boliti, alikaza uso, na juu ya mkewe alikaza macho. Mwenyewe hakuuita wivu. Aliuita umakini.

Mkewe aliuza mbao, na pikapu yake ya kubebea mzigo ilikuwa imechoka. Kwenye mlima wa kuelekea sokoni ilitema moshi mweusi, ikakohoa, kisha ikaanza kurudi nyuma, na wapita njia wakaangua kicheko. Nati akaapa kuifuta aibu hiyo. Akapata injini yenye turbo kutoka kwenye basi dogo lililogongwa, akaifungua yote juu ya meza. Akabadilisha ringi za pistoni na beringi, akasugua hadi vyuma vikang'aa kama sufuria mpya. Injini ya zamani akaing'oa kwa winchi, na hii akaishusha taratibu, mkono mmoja juu yake, kama mtu anayelaza mtoto.

Zikabaki nyaya. Injini ile iliongozwa na kompyuta yake, na kwenye mambo hayo Nati alikuwa mweupe kabisa.

"Kuna mtu nilisoma naye," mkewe akasema. "Hiyo ndiyo kazi yake."

"Ulisoma naye wapi?"

"Shuleni, baba watoto. Kwani watu husomea wapi?"

Fundi umeme akaja, mrefu, shati limenyooka kwa pasi, sauti ya chini kama mtu anayebembeleza. "Habari, shemeji," akasema. Neno hilo likamkaa Nati kooni. Shemeji! Nani kampa dada?

Kuanzia hapo gereji ikawa haina raha. Mgeni alilala chali chini ya dashibodi, miguu nje, akitenganisha nyaya rangi kwa rangi. Mkewe Nati, ambaye zamani hakutaka hata kunusa grisi, sasa alichuchumaa pembeni akimshikia tochi. Nati akiwa upande wa pili, kichwa ndani ya boneti, alisikia minong'ono, kisha kicheko. Si kile cha kuwachekea wateja. Kilikuwa kile cha zamani, cha enzi za uchumba, ambacho alidhani ni chake peke yake. Roho ikamchoma.

"Mnacheka nini?" akauliza, ameshawafikia mbio mlangoni mwa gari.

"Mwalimu wetu wa hesabu," mkewe akajibu. "Wewe humjui."

Hilo hasa ndilo lililomuuma: kwamba hamjui.

Siku ya kuwasha ikafika. Mkewe akakaa nyuma ya usukani, akazungusha ufunguo. Injini ikanguruma, safi, halafu ikazima. Wakajaribu tena, ikazima vilevile. Nati, Mungu amsamehe, alifurahi.

"Nyaya zako hizo," akasema. "Injini yangu haina neno."

Fundi umeme akatazama kompyuta yake ndogo. "Nyaya ndizo zinazoizima, shemeji. Niliweka sensa pale oili inapoingilia kwenye turbo. Inasema oili haifiki."

"Oili inafika! Itoe hiyo sensa yako, tuwashe moja kwa moja."

"Siwezi. Bila oili turbo itajisaga."

"Gari la nani hili?"

"Langu," mkewe akasema toka kwenye usukani. "Fungua bomba la oili, baba watoto."

Nati akafungua, mdomo umevimba, ili tu awaumbue. Akapuliza bomba, pumzi ikagoma. Akaingiza waya, akavuta, na kikatoka kipande cha kitambaa kilicholowa. Akakitambua mara moja. Alikichomeka mwenyewe kuzuia vumbi, siku ile ya mwalimu wa hesabu. Kicheko kilimtoa pale mbio, na aliporudi, damu ikimchemka, alifunga bomba bila kuangalia.

Angeweza kukificha kwenye kiganja. Alitamani sana. Lakini mkewe alikuwa ameshuka, amesimama begani pake.

"Ni mimi," akasema. "Nilikisahau."

Fundi umeme hakucheka. "Hutokea," akasema, na upole huo ukamchoma Nati kuliko ambavyo kejeli ingemchoma.

Safari hii pikapu ikawaka, ikatulia. Mkewe akapiga kofi kwenye usukani. "Twendeni mlimani!"

Kiti kilikuwa kimoja kirefu. Fundi umeme akafungua mlango apande, lakini Nati akamwahi, akajipenyeza katikati, magoti yakikumbatia gia.

"Hapo utabanwa, shemeji," mgeni akasema.

"Nimezoea."

Wakapanda na mzigo wa mbao nyuma. Turbo ikaanza kupiga mluzi mwembamba, na pikapu ikaukwea mlima kana kwamba ni tambarare. Fundi umeme akainamisha sikio. "Sikia inavyozunguka. Sijawahi kufungia nyaya injini iliyotulia namna hii."

Nati akatafuta dhihaka ndani ya maneno yale, asiione. Akajikuta anatabasamu, akajikaza.

"Mwalimu wenu huyo wa hesabu," akasema hatimaye, "alikuwaje?"

Wote wawili wakaanza kusimulia kwa pamoja, wakicheka juu ya kichwa chake, naye akasikiliza, bega moja huku na bega moja kule, bila kusogea hata kidogo.