Rubani Niliyemupaka Rangi Nyeusi

Admin, jina langu ulifiche kabisa, sababu muji wetu wa Likasi ni mudogo. Niko mwanaume wa miaka 38, fundi wa umeme hapa Shituru, niko na bibi na mutoto mumoja wa kike wa miaka sita. Leo nyumba iko tupu, nimebaki peke yangu.

Kaka yangu wa Ulaya alinitumia karton ya vipande vya plastiki, vya kuunganisha ndege ndogo ya vita ya zamani. Ah, niliipenda! Kila siku ya Mungu, Jumapili, kisha ya misa, nakata, nabandika, nasugua na msasa. Bibi yangu mwenyewe alishikilia bawa mpaka gundi ikauke, akicheka: "Papa, weye umegeuka mutoto!"

Kosa langu ni rubani. Ni kamuntu kadogo kama punje ya muhindi, kanakaa ndani ya kioo. Kwenye picha ya karton alikuwa muzungu. Nikasema, aa, hata ndani ya nyumba yangu rubani akuwe muzungu? Nikamupaka rangi nyeusi.

Kisha mutoto akashikwa na malaria. Mama mukwe akatoka Kakontwe kuja kumuangalia. Akaona ndege juu ya kabati, akachungulia kioo, akaona kale kamuntu keusi, akapiga kelele: "Yesu! Ameisha kumukalisha mutoto wetu ndani! Si ndiyo ndege balozi, bale bachawi, banarukia usiku?" Miye, mulozi? Wa damu yangu mwenyewe? Nikamutazama bibi yangu aseme kitu. Akaanza kukunja nguo za mutoto. Wakaondoka na mutoto siku ileile.

Mutoto amepona na dawa ya hospitali. Lakini kikundi cha maombi cha mama mukwe kimekata shauri: samedi hii, Jumamosi, nichome ndege mbele ya bantu bote, ndipo bibi arudi. Bibi mwenyewe ananiambia kwa simu: "Miye najua ni plastiki. Choma tu, mama atulie." Roho inaniuma sana. Nikichoma, nimekubali mbele ya mtaa muzima kama niko mulozi. Nikikataa, ndoa imekufa.

Jana niliomba nizungumze na mutoto. Nikamuuliza kama anakula vizuri. Akasema polepole: "Papa, ulinipeleka wapi na ile ndege?"

Ndugu zangu, nishaurini, niwashe kiberiti ao niache? Na huyu mutoto, nimujibu nini?