Nilimkana Babu Nikitafuta Uraia wa Italia

Nimekosa, jamani! Usinionee huruma, nisikilize tu.

Mama yangu ni mweupe kuliko ndugu zake wote pale kijijini Githongo. Baba yake mzazi alikuwa Mwitaliano aliyekuja kujenga barabara, akaondoka kabla mama hajazaliwa. Babu ninayemjua mimi, mtu wa pale kijijini, akamwoa nyanya na mimba yake. Mtoto alipozaliwa akampa jina la mama yake mwenyewe, akasema mbele ya ukoo kwamba huyu ni wake. Alipozeeka akamwonyesha mama kipande chake cha shamba la kahawa, ila hati ilibaki kwa jina la babu.

Mimi niko mtaa wa Majimbo, Embu, kazi za kubahatisha. Siku moja nikasoma kwenye simu kwamba mjukuu wa Mwitaliano anaweza kupata uraia. Tamaa ikanishika! Wakala niliyempata humo mtandaoni akataka kiapo cha maandishi cha mama kwamba babu si baba yake. Mama akakataa kabisa.

“Baba yangu ni yule alinilea. Usiniletee hiyo maneno tena.”

Basi nikamdanganya. Mama hajui kusoma. Nikamwambia ni fomu za mbolea ya serikali, akaweka kidole gumba huku akinishukuru. Akinishukuru!

Wakala akataka pia shahidi wa familia, nikaenda kwa mjomba, kaka yake mama. Alisaini haraka, akabaki na nakala. Mimi mjinga nikadhani ni upendo.

Uraia nikanyimwa. Hakukuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba yule mzungu alimtambua mama. Lakini wazee wa ukoo walipokaa kugawa shamba la marehemu babu, mjomba akatoa kile kiapo. Jina la mama likaondolewa kwenye orodha ya warithi. Nikapiga magoti mbele ya mjomba.

“Unanililia nini?” akasema. “Si mlisaini wenyewe hii damu si yetu? Endeni Italia mpewe shamba.”

Sasa mama analala kitandani kwangu hapa Majimbo, mimi nalala sakafuni. Hanitukani. Afadhali angenitukana! Jana tukichambua maharagwe akaniuliza, “Mwana wakwa, mwanangu, nikikufa mtanizika wapi?”

Nikainama nikaendelea kuchambua.

Wewe unayetafuta nchi ya mababu, usiache mbachao kwa msala upitao. Na mama yako akikataa, usimzunguke. Anajua anacholinda.